Breki za Gari la Maalim

Watu wamsifupo mwendesha gari husifu mwendo wake, na ni wachache wasifuo kusimama kwake. Hata hivyo, gari lisiloweza kwenda humchelewesha mwenyewe tu, bali gari lisiloweza kusimama ni hatari kwa aliyemo na kwa asiyekuwamo. Wavuvi wa Matemwe, kaskazini mashariki ya kisiwa cha Unguja, wanalijua jambo hilo kwa njia yao. Nahodha wa ngalawa hana kitu cha kukanyaga. Akitaka kusimama sharti atue tanga mapema, aache chombo kipungukiwe na mwendo chenyewe, ndipo atie nanga. Mwenye gari la ng'ombe naye humtegemea ng'ombe, mnyama ambaye hapendi kujigonga. Mwenye gari la mota peke yake ndiye aliyekabidhiwa kusimama kwake mwenyewe, na aghalabu ndiye asiyejua kinachomsimamisha.

Palikuwa na maalim mmoja mstaafu katika kijiji hicho, mwenye gari dogo lililotumika kwanza Japani kabla ya kuletwa Unguja, kama yalivyo magari mengi ya kisiwani. Halikuwa gari la biashara. Lilikaa chini ya mkungu karibu na pwani karibu juma zima, na kila Jumanne lilimchukua mama mkwe wake, mgonjwa wa kisukari, kwenda kliniki Mjini, mwendo wa yapata kilomita 50 kwa njia ya Kinyasini na Mahonda. Maalim aliamini kwamba gari lifanyalo kazi kidogo hivyo haliwezi kumaliza breki. "Unguja si Kitonga," alizoea kusema.

Hoja yake haikuwa ya kipumbavu. Katika mteremko wa Kitonga, mkoani Iringa, dereva wa lori akikanyaga breki muda mrefu badala ya kushuka kwa gia ndogo, breki hupata moto hata zikaacha kushika. Unguja haina mlima. Mahali pake pa juu kabisa hapafiki mita 150. Lakini joto halingoji milima. Gari lenye uzito wa kilo 1,200 likienda kilomita 80 kwa saa, kisha likasimamishwa, mwendo wake haupotei bure. Hugeuka kuwa joto, na joto hilo latosha kuifanya lita moja ya maji yenye nyuzi 30 ifikie kuchemka. Kila kusimama ni birika la chai. Mwendo ukiwa kilomita 40, joto halipungui kwa nusu, bali hubaki robo tu. Magurudumu ya mbele ndiyo yapatayo sehemu kubwa ya taabu hiyo, kwa sababu uzito wa gari huinamia mbele wakati wa kusimama. Ndiyo maana breki za mbele hutangulia kulika.

Kinacholika ni pedi: vibao viwili vinavyoibana diski ya chuma, kimoja upande wa nje na kimoja upande wa ndani, kwa kifaa kilicho mfano wa koleo, ambacho mafundi hukiita kalipa. Pedi mpya huwa na unene wa milimita 10 au zaidi kidogo. Ikibakia milimita 3 mafundi wengi huihesabu imekwisha. Baadhi ya pedi zina ulimi mwembamba wa chuma ambao hugusa diski pedi inapokaribia kwisha, ukalia mlio mkali, ili mwenye gari ajue kabla ya madhara.

Gari la Maalim lilianza kulia mwezi wa Januari, wakati wa kaskazi. Mkewe ndiye aliyesikia kwanza.

"Maalim, gari linalia."

"Huo ni mchanga, Bibi. Utatoka wenyewe."

Mkewe hakubishana, lakini kila walipokaribia Kinyasini aligeuza uso kuelekea gurudumu la kulia. Maalim naye aliongeza sauti ya redio. Siku hizo alikuwa akidunduliza ada ya chuo ya binti yake, na kila mlio aliusikia kana kwamba ni mtu adaiye fedha. Si kwamba hakuchungua kabisa. Asubuhi moja aliinama, akatazama katikati ya matundu ya ringi, akaiona pedi ya nje ingali nene, akainuka na moyo mweupe. Mara nyingine taa nyekundu ya breki iliwaka. Akafungua boneti, akakuta mafuta ya breki yamepungua, akajaza, na taa ikazimika. Hakufahamu kwamba pedi zikilika, pistoni husogea mbele na mafuta huzifuata, hivyo kupungua kwake ni habari ya kulika kwa pedi. Alikuwa ameijazia chupa mafuta na kumziba shahidi kinywa.

Katika Kiswahili husemwa breki "zimekatika", kama kamba ikatikavyo kwa mara moja. Msemo huu umewapunguzia lawama watu wengi. Breki zilizolika kwa miezi minne zikishindwa Jumanne moja, hazikukatika siku hiyo.

Jumanne hiyo ilikuwa Mahonda, saa ambayo watoto hutoka shule. Kijana mmoja aliyevaa kanzu nyeupe na kofia aliteremka barabarani akifuata daftari lililopeperushwa na upepo. Maalim alikanyaga breki kwa nguvu zake zote. Gari lilipunguza mwendo, lakini upande mmoja tu ndio ulioshika sawasawa, likavutwa kushoto, kule kule watoto wengine waliposimama ukingoni. Aliushika usukani, akavuta breki ya mkono, na gari likasimama hatua mbili kutoka kwao. Watoto walicheka, wakidhani ni mchezo. Mama mkwe wake, aliyekuwa kiti cha nyuma, alisoma dua kwa sauti ndogo. Maalim hakuweza kuondoa mikono usukanini kwa muda.

Fundi alilifungua gurudumu la kulia jioni ile.

"Maalim, hii ya nje ndiyo uliyoiona," akasema. "Sasa mtazame mwenzake."

Pedi ya ndani ilikuwa imekwisha hata chuma kikawa kinasaga chuma, na diski ilikuwa na mifereji ya kutosha kuingiza ukucha. Kalipa inatakiwa kuteleza juu ya pini mbili ili pedi zote mbili zibane kwa usawa. Pini hizo zilikuwa zimeshikwa na kutu. Kaskazi hutoka baharini na kuleta chumvi hadi chini ya mkungu. Gari lisilotembea halipati hata nafasi ya kuikung'uta. Kumbe ni kukaa kwake kulikoliharibu, wala si kazi. Badala ya pedi peke yake, Maalim akalazimika kununua na diski mbili, kwa kuwa diski ikichakaa chini ya unene uliopigwa chapa juu yake haifai kutumika tena, na diski za mbele hubadilishwa kwa jozi.

Fundi huyo alikuwa mwangalifu. Hakupuliza vumbi kwa kinywa, kama wengi wafanyavyo. Alilifuta kwa kitambaa kibichi. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 breki zilitengenezwa kwa asbesto, madini yaletayo saratani ya mapafu. Uingereza iliyapiga marufuku mwaka 1999, lakini spea isiyojulikana ilikotoka haiwezi kuaminiwa kwa kutazamwa. Alisugua pini, akazipaka grisi istahimiliyo joto, akakanyaga breki mara kadhaa kabla ya kuliondoa gari, maana baada ya pedi mpya kutiwa kanyagio la kwanza huzama bure. Akamwaga mafuta ya zamani pia. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewani: ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 205, lakini yakishanywa maji kiwango hicho huweza kushuka hadi 140, na yakichemka huleta mvuke ambao kanyagio huubonyeza kama puto. Kwa hiyo hubadilishwa kila miaka miwili, na kwa mtu wa pwani hakuna sababu ya kungoja zaidi.

Waliagana kwamba magurudumu yafunguliwe kila baada ya miezi sita, hata kama gari halikulia, na pedi ya ndani ipimwe kwanza. Maalim aliichukua ile iliyokwisha, akaiweka dirishani nyumbani kwake. Binti yake aliambiwa kwamba sehemu ya ada ingechelewa mwezi mmoja, na kwa nini.

Jumanne iliyofuata redio haikufunguliwa tangu Matemwe hadi Mahonda. Mama mkwe akauliza kama imeharibika.