Sehemu ya 6: Kitambaa cha bibi wa Kharkiv

Mama zangu, na nyie akina baba mnaonisoma kimya kimya, habari za baridi? Huku Mwazye wiki hii asubuhi mtu hatoki bila koti. Leo nilipanga kuendelea na habari za kunyonyesha, lakini kuna jambo limenikaa rohoni, naomba nilitoe kwanza.

Mwezi jana alipita kwetu kijana mmoja daktari. Kasomea Kharkiv, Ukraine. Mnakumbuka Februari 2022 vita ilipopamba moto, wanafunzi wetu walivyohangaika kutafuta mpaka wa Poland na Romania. Yeye alikaa siku tano chini ya ardhi, kwenye stesheni ya treni, na wenyeji wamejaa humo na watoto na mablanketi. Alikuwa na mama mwenye nyumba wake, bibi wa miaka sabini na kitu. Siku anaondoka, bibi akamfungia mkate kwenye kitambaa cheupe kilichotariziwa nyuzi nyekundu na nyeusi. Wenyewe wanakiita rushnyk. Alinionyesha, tukakitandaza juu ya meza ya chai.

Nikamuuliza, hiki kazi yake nini? Akanijibu, "Dada, hii ndiyo kanga yao." Kwa desturi ya zamani mkunga alimpokelea mtoto juu yake. Maharusi wanasimama juu yake kanisani. Nyumbani kinapamba picha takatifu, na mtu akifa kinatoka tena. Nikacheka, maana hata mimi leba nikimwambia mzazi alete kanga, najua akina bibi huwa wameshaichagua tangu mimba ina miezi mitano.

Yule bibi asili yake ni magharibi, upande wa Lviv. Wengi wa Ukraine ni Waorthodoksi, ila kule kwao wapo Wakatoliki wa madhehebu ya Kigiriki. Ni wenzetu kabisa, wako chini ya Papa, na mapadri wao wengine wana wake na watoto. (Najua hapo nimewaamsha. Muulizeni paroko, msiniulize mimi.) Mwaka 1946 serikali ya Kisovieti ililipiga marufuku kanisa lao, na ruhusa haikurudi mpaka 1989. Miaka arobaini na tatu! Mapadri wengi walifungwa. Waliobaki walifanya vibarua mchana na kusomea misa vyumbani usiku, mapazia yameshushwa. Nani aliwafundisha watoto sala miaka yote hiyo? Mama zao, jikoni, kwa sauti ya chini. Mkate wa Pasaka ulikandwa, mayai yakachorwa kwa nta ya nyuki na kutiwa rangi, na mtoto anaonywa asiseme shuleni.

Na si watu wa mbali sana na sisi. Ukifika Tengeru, Arusha, kuna makaburi ya wakimbizi wa Kipolandi walioletwa kuanzia 1942. Wengi wao walitoka kwenye ardhi ambayo leo ni magharibi ya Ukraine. Walikamatwa 1940 wakapelekwa Siberia na Kazakhstan, wakapitia Iran ndipo wakafika kwetu, wengi wakiwa akina mama na watoto.

Sasa nije kwenye kilichonikaa. Nilimwambia yule kijana, "Hao wanawake wanajua kujikaza." Akatikisa kichwa. Akasema, "Hapana dada, wanajua kujiandaa." Akanieleza kwamba watu waliweka mkoba mlangoni: nyaraka, dawa, maji, nguo za mtoto. Siku ya kwanza ya vita, hospitali moja ya Dnipro ilishusha vichanga mahututi chini, manesi wakawa wanawapa hewa kwa mkono. Usiku uliofuata mama mmoja alijifungua mtoto wa kike kwenye stesheni ya chini ya ardhi, Kyiv. Na Machi 9 hospitali ya wazazi ya Mariupol ilipigwa, mjamzito mmoja akabebwa kwenye machela, akafa yeye na mtoto wake. Kujikaza kungemsaidia nini yule?

Nilinyamaza, kwa sababu nina wangu. Miaka mingi iliyopita, kituo ambacho sitakitaja, alikuja binti na uchungu wa siku mbili. Mtoto alikuwa ameshatangulia. Nikamuuliza mbona umechelewa? Akasema, "Sista, nilikuwa najikaza. Kliniki ulinisifu." Ni kweli, nilimsifu. Alikuja kwa miguu mlima mzima na tumbo la miezi minane, nikamwambia mbele ya wenzake, jamani huyu ndiye mwanamke. Neno lile silisemi tena kliniki. Damu ikitoka, kichwa kikigonga, ukiona maluweluwe, au mtoto akipunguza kucheza, usinionyeshe ushujaa, njoo.

Wiki iliyopita kaja mmoja na mkoba wake, namba ya bodaboda imeandikwa kwa peni kiganjani, uchungu ndio kwanza unaanza. Mama mkwe nyuma yake analalamika, "Mapema yote hii! Sisi tulizaa shambani." Walilala kwetu siku mbili, mama mkwe akinilaumu kwa kila kikombe cha uji. Alfajiri ya tatu nilimkabidhi mjukuu, wa kiume, kilo tatu na robo, kwenye kanga mpya. Akaigeuza kanga, akaikagua upindo, akasema ameshonewa vibaya.