Nani Kakubebesha?

Mtu aliyekulia Kariakoo au Magomeni miaka ya sabini hakuhitaji kufundishwa uti wa mgongo ni nini. Aliuona kila jioni ukirudi nyumbani umepinda. Kariakoo yenyewe ilirithi jina lake kwa wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, wale wa Carrier Corps, waliobebeshwa risasi na unga kuifuata vita isiyowahusu wakafa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na uchovu kuliko kwa mapigano. Mwaka 1975 likafunguliwa hapo soko kubwa la zege alilolichora msanifu Beda Amuli, likawa fahari ya mji. Chini ya mapaa yale mapya magunia yalikuwa yale yale, na mabega ya kuyabeba yale yale.

Mjomba wangu alikuwa mmoja wa wenye mabega hayo. Gunia la halali lilikuwa la kilo 100, ila halali hiyo ilibaki kwenye makaratasi. Madalali walilijaza, wakalipandishia kichwa, wakakishonea kwa kamba, likawa lumbesa, na mbebaji halipwi kichwa cha lumbesa. Alikuwa akirudi Magomeni wakati wa magharibi, hasemi na mtu, anakaa barazani mpaka redio imalize taarifa ya habari. Ukimwona anashika nguzo ili asimame, unajua kesho yake kutaitwa mkandaji.

Kila mtaa ulikuwa na wake. Vijana wa mpira walikuwa na mchua misuli wao, jamaa wa ndoo ya maji na kitambaa, anayeingia uwanjani mbio kuliko mchezaji yeyote aliyewahi kumhudumia. Sisi wengine tulikuwa na bibi wa nyumba ya pili, mfupi, mnene, mwenye sauti ya kusikika mtaa wa tatu.

Nilitumwa mara nyingi kumwita, na nikibaki kuangalia hakunifukuza. Alitandika jamvi uani, akapasha mafuta ya nazi kwenye kikopo cha bati pamoja na punje za kitunguu saumu, akayajaribu kwa upande wa ndani wa kiganja. Alianzia kwenye nyayo, hata kama umekwenda kwake na shingo. Mjomba akilalamika kwamba huko hakuumi, bibi alimjibu kwamba hakumwuliza. Kisha mashavu ya miguu, kisha mapaja, mpaka afike kiunoni, na hapo ndipo vidole gumba viwili vilipoanza kupanda taratibu, kimoja upande huu na kimoja upande ule wa uti wa mgongo, havigusi mfupa wenyewe. Vilipokwama alisimama. Akaweka kiwiko, akakiegemea kwa uzito wake wote, na mjomba akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mtu mzima.

"Hapa pana kitu," alisema bibi. "Nani kakubebesha?"

Lilikuwa swali lake la kila siku na hakuliuliza kwa kupitisha muda. Alitaka jina. Mjomba alitaja tajiri fulani wa mahindi na bibi alimjua, na mkewe alimjua, na deni la kanga alilokuwa nalo mkewe alilijua pia. Siku ya pili yake alijifunga mtandio akaenda dukani kwa tajiri kununua chumvi. Chumvi ilikuwa kisingizio. Alisimama mlangoni, wateja wamejaa, akasema kwamba mgongo wa kijana wa watu si mkokoteni, na kwamba yeye mikono yake inachoka kutengeneza kila jioni kinachovunjwa kila asubuhi. Tusidanganyane, lumbesa haikupungua hata kwa kilo moja. Ila mjomba alihamishiwa kwenye mizani mpaka mgongo ulipotulia, na tajiri yule kwa siku kadhaa alikuwa akipita mtaani kwetu akiangalia chini.

Baada ya vita vya Kagera, dukani kulipokuwa hakuna sabuni wala sukari na watu wakala ule ugali wa njano tuliouita unga wa yanga, wateja wake walibadilika. Wakaja wanawake ambao hawakuwa wamebeba gunia lolote. Walikuwa wamesimama foleni tangu alfajiri kwa ajili ya kilo moja ya kitu ambacho pengine kiliisha kabla zamu yao haijafika, na mabega yao yalikuwa yamepanda mpaka karibu na masikio. Bibi aliwakanda vile vile, akawauliza vile vile. Majibu yalikuwa mume, mkwe, mwenye duka, mtoto aliyefeli darasa la saba. Hakuna aliyeondoka pale na sukari. Lakini kila kitu kilikuwa kimeshatajwa mbele ya watu watatu wanne waliokaa kwenye vibao wakisubiri zamu zao, nao walikuwa na ya kwao ya kusema juu ya mwenye duka huyo huyo.

Nisimpambe kupita kiasi. Alikuwa akiunga mifupa pia, kwa vipande vya mianzi na kamba, na mtaani kwetu kuna mzee mwenzangu mpaka leo anashika kikombe kwa kupindisha mkono kwa sababu mfupa uliungwa ukiwa haujanyooka. Na hospitali ilikuwa mwendo wa miguu tu. Wala hakuwa na dawa ya uti wa mgongo ulioshikwa na kifua kikuu, akawakanda hao nao, na kukanda hakukuwasaidia kitu.

Sasa anayeumwa ni mimi, na sijawahi kubeba gunia. Nimekaa. Miaka ya kukaa ofisini, kukaa kwenye daladala, kukaa garini kwenye foleni ya Morogoro Road ambayo hata mwendokasi ulipokuja mwaka 2016 haikuisha, kukaa kitandani na simu shingo imeinama. Shingo ilipogoma kugeuka kushoto, watoto wakanitafutia kliniki ya kairopraktiki mjini, safi, ina kiyoyozi na maji ya kunywa yenye vipande vya limau.

Nikapewa fomu. Swali moja lilitaka nipime msongo wangu wa mawazo kuanzia 1 mpaka 10. Nikazungushia 7. Ukutani palikuwa na chati ya uti wa mgongo, pingili 24 zimepangwa kwa rangi kutoka shingoni hadi kiunoni, na kila pingili imeandikiwa matatizo yake: hii kichwa, hii tumbo, hii usingizi, hii wasiwasi. Tabibu alikuwa kijana mpole, mikono yake mizuri, anaeleza kila anachotaka kufanya kabla hajakifanya. Alinishika kichwa, akakigeuza polepole mpaka mwisho wake, kisha akakisukuma kidogo kwa haraka. Shingo ikalia. Nilitoka nikiwa naona kushoto, na hilo silikatai.

Chati ndiyo iliyonifuata nyumbani. Nikasoma asili yake. Mwanzilishi wa tiba hii, D. D. Palmer, alizaliwa Kanada akahamia Marekani, akawa muuza duka kisha mganga wa sumaku, na mwezi Septemba 1895, mjini Davenport, Iowa, alimsukuma mgongo mtu aitwaye Harvey Lillard. Lillard alikuwa mfanya usafi wa jengo lenye ofisi ya Palmer, na kwa miaka 17 alikuwa hasikii vizuri. Alisema ilianza siku alipokuwa amejikunja akifanya kazi, akasikia kitu kinalia mgongoni. Palmer akadai kwamba alirudisha pingili mahali pake na masikio yakafunguka. Binti yake Lillard alisimulia vingine kabisa, kwamba wanaume wale walikuwa wakipiga soga na Palmer akamkong'ota baba yake mgongoni kwa kitabu kwa ajili ya kicheko. Kwa vyovyote, Palmer alitoka hapo na dai kwamba asilimia 95 ya magonjwa yote yanatokana na pingili zilizohama. Mwaka 1906 alitiwa jela kwa kutibu bila leseni. Chama cha madaktari cha Marekani kiliwapiga vita wafuasi wake kwa miongo mingi, mpaka mwaka 1987 mahakama ikaamua kwamba kuwasusia kule kulivunja sheria za ushindani.

Mimi katika kisa chote hicho namfikiria Lillard. Mgonjwa wa kwanza wa tiba hii alikuwa kibarua, tena mtu mweusi wa Marekani ya miaka ile, aliyeumia akiwa amejikunja kazini. Kilichoingia kwenye historia ni pingili yake. Kazi aliyokuwa akiifanya, na aliyemfanyisha, havikuingia.

Ule mlio wa shingo nao si mfupa unaorudi nyumbani. Ni gesi katika ute wa maungio. Kiungo kikivutwa ghafla shinikizo linashuka, povu linatokea, linalia, na inabidi lipite kama robo saa au zaidi kabla kiungo hicho hakijaweza kulia tena. Hata hivyo mgongo ni mgongo. Mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa wakiumwa kiuno, na Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno, limeweka kusukuma uti wa mgongo na kukandwa miongoni mwa vitu vinavyoweza kusaidia, pamoja na mazoezi na kuelimishwa. Mikanda ya kiuno na kuvutwa kwa mashine limevikataa. Kwa hiyo bibi na kijana wa kliniki wamo katika karatasi moja, na ningependa sana bibi aione. Wasiwasi na usingizi vya ile chati havimo.

Msongo hukaza shingo kweli. Hans Selye alipochapisha taarifa yake mwaka 1936, alieleza jinsi mwili unavyoitikia mashaka ya kila namna kwa njia inayofanana, na leo mtu yeyote anaweza kujishika mabega jioni akathibitisha. Misuli inakaza, pumzi inakuwa fupi, usingizi unakatika, na aliyekosa usingizi maumivu humzidi. Kuilegeza misuli hiyo kwa mkono ni faraja ya kweli, ya jioni moja au mbili. Ila mimi msongo wangu naujua unakotoka. Kuna ndugu aliyekopa mkopo wa simu, ule wa kausha damu, na wakopeshaji wamezichukua namba zote za simu yake, ya kwangu ikiwemo, wanatupigia sisi kumdai yeye. Kuna makundi ya WhatsApp ya harusi, kila moja na mhasibu wake anayepandisha orodha ya ahadi kila asubuhi, jina langu limewekewa alama nyekundu. Haya yote yalikuwa ndani ya ile 7. Kijana wa kliniki aliingiza fomu kwenye jalada, akaniambia tatizo liko pingili ya tano ya shingo, akanipa bei ya matibabu ya mkupuo na bei ya mara moja moja. Hakuna aliyeniuliza 7 ya nani.

Simlaumu sana. Angeniuliza nikamtajia mkopeshaji, angekwenda kusimama mlango gani? Kampuni ile haina mlango. Ina jina la programu na namba zinazobadilika, na sauti ya msichana ambaye naye bila shaka shingo yake imekaza.

Mjukuu wa bibi anakanda. Ameajiriwa kwenye spa moja Masaki, ana cheti, anatumia mafuta yenye harufu ya mchaichai, na muziki unapigwa kwa chini. Vidole gumba vyake ni vile vile vya urithi, vinapanda huku na huku bila kugusa mfupa. Kanuni ya kazini kwao ni kutozungumza na mteja isipokuwa kumwuliza kama mkono ni mzito. Nilipompigia simu nikamsimulia swali la bibi yake alicheka sana, akasema wateja wake wakianza kulijibu kila mmoja, saa moja aliyolipia itaisha yuko bado miguuni.

"Na nasikia shingo yako bado ni ile ile," akaniambia. "Njoo nikukande nyumbani basi, bila muziki."

Nikamwuliza kama Jumapili inamfaa. Kasema Jumapili ana kikao cha harusi, na yeye ndiye mhasibu, na kwa kuwa nimepiga mwenyewe, ile ahadi yangu vipi?