Vijilango vya Ubongo

Siku dada yangu mdogo alipoanguka kifafa jikoni, mimi nilitoka mbio. Niliogopa povu lake. Mtaani kwetu husemwa ukiguswa nalo, basi nawe umekwisha. Nyanya ndiye aliyemlaza kwa ubavu.

Kwa aibu nilimwendea mwalimu wa Bayolojia. Akacheka kidogo, akasema kifafa hakiambukizi, ni umeme wa ubongo unaofyatuka ovyo. Seli za ubongo hupelekeana ujumbe kupitia mwanya wa kama nanometa 20, yaani sehemu 20 za milioni ya milimita! Kwenye ngozi ya seli mna vijilango vya protini vinavyopitisha chembe zenye chaji, kama za sodiamu na kalsiamu.

Darubini yetu ya maabara (tena ni moja, darasa zima!) haivioni ng'o. Wataalamu hutumia darubini ya elektroni. Huchukua kingamwili inayokitambua kijilango, wakaibandika punje ya dhahabu. Dhahabu huzuia elektroni, kwa hivyo penye kijilango hutokea nukta nyeusi. Vya kalsiamu wamevikuta vimesongamana pale pale ujumbe unapotokea. Dhahabu, ile ile ya pete!

Tembe za dada, karbamazepini, huzuia vijilango vya sodiamu visifunguke mfululizo. Siku hizi mimi ndiye humpa kila jioni, na kikombe cha maji. Juzi ameniuliza, "Kaka, mbona siku ile ulikimbia?"

Sijamjibu bado.