Hakuwa na Pepo



Jambo hili lilinifika nyumbani kwangu Nakuru, mtaa wa Bondeni, nilikoolewa kutoka Mombasa. Nimelinyamazia kwa muda kwa sababu ya haya. Leo nimeona kulisema ni heri kuliko kulificha, kwani huenda likamwokoa mtoto wa mwenzangu.

Mpwa wangu, kijana wa miaka 16, alikuja kwetu likizoni. Siku moja alifuatana na wenziwe hadi mashambani, upande wa Njoro. Alirejea karibu na magharibi, uso umemwiva, akanipita bila ya salamu. Akaketi sebuleni akawa anazungumza na bibi yake aliyekwisha kufariki, akimjibu kana kwamba yuko mbele yake. Vidole vyake vilikuwa vikichuna hewa, kama mtu anayetoa nyuzi katika nguo. Nilipomwita, hakunijua.

Nami, kama wengi wetu tuliolelewa pwani, nilikata shauri papo hapo: ana pepo. Nikafukiza ubani, nikatayarisha kombe, nikamwomba mume wangu amlete shehe aje amzingue. Saa mbili zikapita. Saa hizo zinaniuma hadi leo.

Shehe alipoingia alimtazama macho, akamgusa paji la uso, kisha akaniuliza, "Mwanangu, kijana huyu amekula nini?"

"Sijui, shehe wangu."

"Kisomo nitamsomea, lakini nitamsomea njiani. Mpelekeni hospitali sasa hivi."

Huko daktari alituonyesha tuliyopaswa kuyaona mapema: mboni zimepanuka hadi jicho lote laonekana jeusi, ngozi ya moto isiyo na jasho, moyo ukienda mbio, na kinywa kikavu hata kumeza hawezi. Lile kombe langu lingeweza kumpalia. Mmoja wa wenziwe alipobanwa, alikiri: walikula mbegu za mmea wa porini, wakiambiwa kwamba huleta ndoto.

Mmea huo ni mranaha, ambao wengine huuita mnanaha. Tusiuchanganye na mnanaa tunaoutia katika chai. Huota wenyewe kandokando ya mashamba ya mahindi, mazizi na majalala. Ua lake ni jeupe, mfano wa tarumbeta, na tunda lake la kijani lina miiba na limejaa mbegu ndogo. Jamaa yake ni ule mti wa maua makubwa yaning'iniayo, ambao watu wa nyanda za juu huupanda uani kwa urembo. Yote miwili ina sumu kuanzia mzizi hadi ua.

Sumu hizo, atropini na skopolamini, huzuia mmoja wa wajumbe wanaopeleka habari katika ubongo na mishipa ya fahamu. Ndiyo maana aliyekula huona na kusikia visivyokuwapo, na huviamini kabisa. Hali hiyo yaweza kudumu siku nzima, mbili au zaidi, na yaweza kuua. Mwaka 2019, huko Karamoja nchini Uganda, chakula cha msaada kilichochafuliwa na sumu za mmea huu kiliwadhuru mamia ya watu, na wengine wakafariki. Hata hivyo, kwa kipimo cha tabibu, atropini hiyohiyo hupanua mboni ili jicho lichunguzwe, na humtibu aliyedhurika kwa baadhi ya dawa za kuulia wadudu. Allah hakuumba kitu bure. Madhara hutoka kwetu tunaovuka mpaka.

Sayyidna Umar, radhi za Allah ziwe juu yake, alieleza kwamba khamri ni kila kinachoifunika akili. Neno hilo lina asili moja na khimari, vazi tunalofunikia vichwa. Khimari hutusitiri, ulevi humvua mtu sitara yake mbele ya watu. Basi kijana asidanganywe kwamba mbegu ya porini si haramu kwa kuwa haikutoka katika chupa.

Mpwa wangu alitujua siku ya tatu. Kwa siku kadhaa hakuweza kusoma msahafu, herufi zikimwia ukungu. Aliniuliza jambo moja tu: "Mama mdogo, bibi alikuja kweli?" Nikashindwa kumjibu kwa machozi.

Dada zangu, dua na kisomo ni silaha zetu, wala siwaambii muziache. Lakini mtoto akianza kusema na asiyeonekana, mtazameni mboni, mguseni ngozi, waulizeni wenziwe alichokula, na mumkimbize hospitali. Msimlazimishe kunywa chochote. Hayo yote hayamzuii mama kusoma dua njiani.

Allah atuhifadhie watoto wetu na akili zao. Amin.