Ajali Ina Kinga, Acha Nafasi

Pengine nawe umezoea kusema kwamba ajali haina kinga. Nami nilisema hivyo hadi usiku mmoja tulipokuwa tukitoka Mombasa, watoto wamelala kiti cha nyuma.

Tulipopita Maungu nililiandama lori kwa karibu, nikitafuta nafasi ya kulipita. Ghafla taa zake nyekundu zikawaka. Ndovu walikuwa wakivuka barabara! Nilikanyaga breki, gari likaserereka, likasimama hatua mbili tu nyuma ya lori. Mke wangu hakusema neno hadi Voi. Ndipo akaniuliza, "Baba watoto, ulikuwa ukimkimbilia nani?"

Sikuwa na jibu. Hebu piga hesabu: ukienda kilomita 80 kwa saa, kila sekunde unapita mita 22. Mguu haujagusa breki, mita hizo zimekwisha. Reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 ilijengewa njia za wanyama kupita chini yake, lakini barabarani ndovu bado hukatiza juu ya lami.

Siku hizi gari la mbele likipita mti au nguzo, naanza kuhesabu sekunde. Nikifika hapo kabla ya tatu, napunguza mwendo. Usiku au kwenye mvua, nahesabu sita. Nafanya hivyo hata nikienda Taveta kupitia Maktau.

Mwenye haraka akijiingiza katika nafasi hiyo, mwachie, uhesabu upya. Utachelewa dakika chache, lakini watoto wataamkia nyumbani.