Jina Lililo Usoni mwa Pantheon: Maandishi, Matofali na Swali la Mjenzi

Mjini Rome limo hekalu la kale ambalo pajini pake limechongwa jina la mtu asiyelijenga. Maandishi yaliyo juu ya nguzo za mbele za Pantheon yanatamka kwa Kilatini kwamba jengo hilo lilifanywa na Marcus Agrippa, mwana wa Lucius, alipokuwa konsuli kwa mara ya tatu, yaani mwaka 27 K.K. Herufi zake ni kubwa, lugha yake haina utata, na kwa karne nyingi wasomaji waliyasadiki. Hata hivyo, jengo linaloonekana leo ni changa kuliko tarehe hiyo kwa takriban miaka 140 au zaidi. Tofauti hii baina ya kauli na kitu kinachoitoa kauli ndiyo inayolifanya hekalu hili listahili kuzingatiwa na kila mtu ambaye kazi yake ni kusoma matini.

Agrippa, rafiki wa Kaisari Augustus na baadaye mkwewe, alijenga Pantheon ya kwanza. Hiyo iliungua mwaka 80 B.K., ikatengenezwa na Domitian, kisha ikapigwa na radi na kuungua tena mwaka 110, zama za Trajan. Jengo la tatu, ambalo ndilo lililopo, lilikamilika katika utawala wa Hadrian (117-138). Wasifu wa kale wa mtawala huyo unaeleza kwamba hakupenda kuyatia jina lake majengo aliyoyasimamisha, isipokuwa hekalu la Trajan, aliyemfanya kuwa mwanawe. Pantheon na mengineyo aliyarejesha kwa majina ya waasisi wake. Huenda huo ulikuwa unyenyekevu, huenda ilikuwa siasa ya kujifungamanisha na enzi tukufu ya Augustus. Kwa vyovyote vile, matokeo yake yalikuwa upotofu. Cassius Dio, mwanahistoria na seneta aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 3, anamsifu Agrippa kwa kulikamilisha hekalu hilo, kisha anatoa rai kwamba limeitwa Pantheon kwa sababu kuba lake lafanana na mbingu. Kuba alilokuwa akilitazama halikuwa la Agrippa hata kidogo.

Kilichofichua ukweli ni matofali. Mafundi wa Kirumi walikuwa na desturi ya kuyapiga mihuri matofali kabla ya kuyachoma, wakitaja machimbo ya udongo, mwenye kiwanda, na mara nyingine makonsuli wa mwaka. Mwaka 1892 Georges Chedanne, msanifu majengo wa Kifaransa, aliichunguza mihuri iliyomo ndani ya kuta za Pantheon, ikabainika kuwa jengo ni la zama za Hadrian. Lakini mwaka 2007 mtafiti Lise Hetland aliurejea ushahidi huo huo, akaonyesha kwamba mihuri mingi yaelekeza kwenye miaka ya mwisho ya Trajan. Basi hata jibu lililosahihisha kosa la kwanza lilihitaji nalo kusahihishwa.

Ustadi wenyewe wa ujenzi ni wa kustaajabisha. Kuba lina kipenyo cha mita 43.3, na kimo kutoka sakafuni hadi kileleni ni hicho hicho, hivi kwamba tufe kamili lingeweza kuenea ndani yake. Hadi leo hakuna kuba la zege lisilo na nondo linalolizidi kwa ukubwa. Siri yake imo katika uzito: zege la chini limechanganywa na mawe mazito, nalo la juu limechanganywa na mawe mepesi ya volkano, huku unene ukipungua kutoka karibu mita 6 hadi chini ya mita 2. Visanduku 140 vimechimbwa upande wa ndani katika safu tano, na kileleni pameachwa tundu la wazi lenye upana wa karibu mita 9. Mvua ikinyesha huingia, nayo hutoka kupitia matundu ya sakafuni.

Nguzo za ukumbi wa mbele nazo zina habari yake. Zile za kijivu zilichongwa Mons Claudianus, katika jangwa la mashariki mwa Misri, zikakokotwa zaidi ya kilomita 100 hadi mto Nile, ndipo zikasafirishwa kwa maji hadi Rome. Katika machimbo hayo wanaakiolojia wamefukua maelfu ya vigae vyenye maandishi: barua, orodha za vibarua, migawo ya maji. Vinadhihirisha kwamba wengi wa waliofanya kazi huko walikuwa watu huru waliolipwa ujira. Majina ya baadhi yao yamehifadhika juu ya vigae hivyo, lakini hakuna hata moja lililopanda kwenye paji la hekalu.

Wengine walipanda. Mwaka 202 Septimius Severus, Mwafrika wa Leptis Magna katika Libya ya leo, pamoja na mwanawe Caracalla, walichonga chini ya jina la Agrippa, kwa herufi ndogo, habari za ukarabati wao. Mwaka 609 Papa Boniface IV aliliweka wakfu kuwa kanisa, jambo lililochangia sana kulinusuru. Katika miaka ya 1620 Papa Urban VIII aliing'oa shaba ya ukumbini, sehemu kubwa yake ikayeyushwa kuwa mizinga ya Castel Sant'Angelo, ngome ambayo asili yake ni kaburi la Hadrian. Naye akaweka bamba la kujisifia kazi hiyo.

Ni dhahiri, basi, kwamba maandishi ya Agrippa si uongo mtupu. Ni ushahidi wa kile ambacho Hadrian alitaka kisomwe, na kwa maana hiyo yana thamani yake. Kosa la Dio halikuwa kuyasoma, bali kukomea hapo. Mwenye kupokea utenzi au hati yenye jina la mtunzi juu yake hana budi kuliheshimu jina hilo, kisha akaikagua karatasi, wino, mwandiko na lahaja, kama Chedanne alivyoyakagua matofali. Na ajue kwamba atakayemfuata ataukagua tena ushahidi ule ule.