Kiungo Nilichokificha

Kule Uvira nilikuwa fundi umeme. Siku moja nilikuwa napitisha waya wa kiyoyozi ndani ya bomba la plastiki, ukanipungukia. Badala ya kununua mwingine nikaunga, nikafunga tepu, nikausukuma ndani. Nani angeona? Lakini kiyoyozi kinakula umeme mwingi. Baada ya miezi miwili kile kiungo kilipata moto, bomba likayeyuka. Mtoto wa mwenye nyumba ndiye aliyesikia harufu, akaita watu. Nilirudi nikavuta waya mzima, bila malipo. Leo hapa kambini nikiona waya umeungwa-ungwa juu ya kitanda cha watoto, namkumbuka yule mtoto. Jamani, kiungo kikae kwenye kisanduku chake, mahali pa kufunguliwa na kuonekana.